Maji Hayachagui Karitie

Ukimwambia mtu wa Bujumbura kwamba unaishi Mutanga Sud na unaogopa mafuriko, atacheka kwanza. Atakuambia mafuriko ni ya Gatumba, ni ya Buterere, ni ya Kinama. Mutanga Sud iko juu. Ni karitie ya nyumba za matofali, za kuta na mageti, jirani na Campus Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ziwa liko mbali kule chini. Maji yatapandaje?

Hayapandi. Yanashuka. Na yakishuka yanapita kwenye Ntahangwa, mto unaotutenga na wenzetu wa Mutanga Nord na Gihosha. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka bila kulowa magoti. Siku mvua ikipiga milimani, mto unakuja mwekundu, umebeba mawe, na unakula ukingo. Parseli iliyokuwa na bustani nyuma inabaki na choo pembeni ya korongo, na mwaka unaofuata choo hakipo. Watu wanaita hiyo "ravini", na hapa mjini neno hilo linatisha kuliko mafuriko yenyewe. Mafuriko yakipita unarudi kufagia matope. Ravini ikichukua parseli, hakuna pa kurudi.

Mimi nafanya kazi na vijana, wakimbizi na wenyeji pamoja. Kila mvua kubwa ikipita, swali linalorudi kwao si "kwa nini mvua imenyesha". Wanauliza: nyumba ikienda, nani analipa? Ni swali zuri, na lina historia ndefu kuliko tunavyofikiri. Nitajaribu kuipanga hapa, kwa ajili yetu tunaoishi mjini, kwa ajili ya ndugu walio kambini Kavumu, Bwagiriza na Musenyi, na kwa ajili ya wafanyakazi wa misaada ambao wanafikaga na orodha zao asubuhi baada ya maji.

Tuanze na ziwa, kwa sababu ndilo lililokuja kwanza.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Walitaka kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona unaingia. Jiwe la kumbukumbu yao liko mpaka leo pale Mugere, kusini ya Bujumbura, na watu wanakwenda kupiga picha. Kitu ambacho picha hazisemi ni kwamba ziwa waliloliona lilikuwa juu sana kuliko hili letu. Mlango wake wa kutokea, mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliuona bado umeziba. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, maji yakakimbilia mto Kongo, na katika miaka kama 15 hivi ziwa likashuka kwa karibu mita 10.

Fikiria mita 10. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walikuta mwambao ambao ziwa lilikuwa limetoka kuuacha juzi tu. Wabelgiji wakachukua mji mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, wakapanga karitie: huku Wazungu, huku Wahindi na Waarabu, kule Buyenzi Waswahili. Mji ukakua kwenye tambarare ya Imbo, na hakuna aliyekumbuka kwamba sehemu ya ile tambarare ilikuwa chumba cha ziwa, na kwamba mwenye chumba alikuwa ametoka tu, hajahama.

Alirudi mapema. Mvua za mwaka 1961 zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima, na maziwa yote yakaanza kujaa. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, na ziwa likaendelea kupanda mpaka Mei 1964, lilipofika kimo ambacho halikukifika tena katika karne ile. Baadaye likashuka polepole. Waliokuwa watu wazima mwaka 1964 walizeeka, waliozaliwa baadaye wakajenga. Kizazi kimoja kinatosha kusahau maji.

Sheria ya Maji ya mwaka 2012 ilikuja kusema kwamba mita 150 kutoka ufuko wa Tanganyika zisijengwe. Lakini wakati ule Kibenga na Kajaga zilikuwa tayari na nyumba nzuri, hoteli na kuta zilizoingia karibu na maji. Mwaka 2021, halafu tena 2024, ziwa liliingia ndani ya hizo nyumba bila kupiga hodi. Si nyumba za maskini. Ni nyumba za watu wenye karatasi, wenye gari, waliosoma. Hapo ndipo wengi walielewa kwamba hatari haisomi bei ya parseli.

Sasa tuangalie upande wa pili, milimani.

Nyuma ya Bujumbura kuna Mirwa, milima mikali inayopanda kutoka tambarare ya Imbo, karibu mita 800 juu ya bahari, mpaka kilele cha zaidi ya mita 2,000, na yote hiyo katika kilometa chache. Mvua ikianguka kule haina muda wa kupumzika. Inaingia Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Nyabagere, Gasenyi, inapita katikati ya mji, inakwenda ziwani. Mito hii ni sehemu ya mji kiasi kwamba mwaka 2014, komini 13 za mji zilipounganishwa kuwa tatu, mbili zilipewa majina ya mito: Muha na Ntahangwa. Tumewapa majina ya heshima wale wanaotubomolea.

Kwa nini wanabomoa zaidi kuliko zamani? Sababu ziko kadhaa na zinashikana mikono. Milima imelimwa mpaka juu, miti imekatwa, udongo hauna kitu cha kuushika. Chini, mji umejaa mabati na sementi: maji yaliyokuwa yanaingia ardhini leo yanateleza kutoka paa mpaka barabara, kutoka barabara mpaka mfereji, kutoka mfereji mpaka mtoni kwa pigo moja. Udongo wa hapa wenyewe ni mchanga na kokoto za zamani zilizoletwa na mito, si mwamba. Tena tunachimba mchanga na mawe mtoni ili tujenge nyumba. Mto uliotolewa mawe ni kama ngazi iliyotolewa vidato: maji yanakuja na nguvu zote, yanachimba chini, halafu kuta za pembeni zinaanguka zenyewe. Serikali imekataza uchimbaji huo mara nyingi. Lakini kijana asiye na kazi na mwenye koleo hasomi tangazo.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 ndio mji ulipolipa. Mvua ilipiga milimani na upande wa kaskazini, na maji yakashuka juu ya Kamenge, Kinama na jirani zake watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 60 walikufa, wengi watoto. Nyumba za tope ziliyeyuka kama sukari. Maelfu walibaki bila pa kulala. Na tazama jambo hili: ziwa halikuhusika hata kidogo. Waliokufa hawakuwa watu wa ufukoni. Walikuwa watu wa njia ya maji, na wengi hawakujua kwamba wako njiani.

Ukiendelea kuhesabu miaka, utaona kila mara maji yanabadili mlango. Desemba 2019 ilikuwa tena mvua ya milima, mjini na kule Cibitoke ambako mlima ulianguka juu ya watu. Aprili 2020 ilikuwa Rusizi: mto ulitoka kitandani mwake ukaizamisha Gatumba, na makumi ya maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Siku chache kabla, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili, ng'ambo ya mpaka, Mulongwe ulikuwa umepasua Uvira, ukabeba daraja na maelfu ya nyumba. Sisi wenye ndugu Uvira tulipata habari mbili za maji katika wiki moja, kutoka pande mbili za mto mmoja. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa zamu ya Kalehe: Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya soko kando ya Kivu, zaidi ya watu 400 walikufa siku ya soko. Halafu El Niño: kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya watu 200,000 walioguswa, na karibu 96,000 waliokuwa wamehama makwao. Wakaomba msaada wa dunia.

Kwa hiyo tuna maji ya aina nne: ziwa linalopanda polepole, mto mkubwa unaotoka njiani, mvua ya milima inayokuja usiku, na ravini inayokula ardhi. Kila moja ina watu wake wanaosema "kwetu haifiki". Mutanga Sud tunasema hivyo kuhusu tatu za kwanza, na tuko sawa. Ya nne ndiyo iko nyuma ya ukuta.

Basi turudi kwenye swali la vijana. Nani analipa?

Neno bima wengi hapa wanalijua kwa jina la asiransi, na wanaijua asiransi ya gari, kwa sababu ni ya lazima na polisi anaiuliza barabarani. Asiransi ya nyumba ni hadithi nyingine. Si kwamba kampuni hazipo. SOCABU ilianzishwa mwaka 1977, na nyingine zikafuata. Lakini kwa kawaida anayekatia nyumba bima ni yule aliyechukua mkopo benki, na benki ikamlazimisha. Aliyejenga tofali kwa tofali kwa mshahara wake, miaka kumi, hana anayemlazimisha, na mara nyingi hana anayemweleza.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Mji mzima uliona moshi. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali yote bila bima yoyote, na madeni ya benki hayakuungua. Baada ya karibu mwaka mmoja, tarehe 7 Januari 2014, Burundi ikapata sheria mpya ya bima. Mwezi mmoja na siku chache baadaye yakaja yale maji ya Februari. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi. Kamenge hakuna aliyekuwa ameisikia.

Tena, kuwa na bima si kuwa na kinga ya kila kitu. Bima ya nyumba ya kawaida mzizi wake ni moto. Mafuriko yanaongezwa kwa kulipia zaidi, na yasipoandikwa hayamo. Bima inalipa kitu cha ghafla, si kitu ulichokuwa unakiona kinakuja. Ravini inayosogea hatua moja kila msimu, kampuni itaiita jambo linalojulikana, itakataa, au itataka bei ambayo si ya mchezo. Halafu bima inalipa jengo na vyombo. Ardhi yenyewe, ile parseli iliyoingia mtoni, haimo. Na mpangaji, ambaye ndiye mkimbizi mara nyingi, nyumba si yake: bima ya mwenye nyumba hailipi godoro lake, cherehani yake wala magunia yake ya mchele.

Hapa kuna fundo ambalo si la Burundi peke yake. Anayejua yuko hatarini anataka bima lakini anauziwa ghali au anakataliwa. Asiyejua yuko hatarini angeipata kwa bei nafuu, lakini hanunui kwa sababu hajui. Mwishoni hakuna aliye nayo. Wengi wetu tunaota kupelekwa Marekani, kwa hiyo tusikilize na habari ya huko. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko. Tangu mwaka 1968 serikali yao ina mpango maalumu wa bima ya mafuriko, na kwa kawaida ukiununua leo unaanza kukulinda baada ya siku 30, ili mtu asisubiri wingu. Septemba 2024 kimbunga Helene kilipanda mpaka Asheville, mji wa milimani katika Carolina Kaskazini, mbali na bahari, mahali ambapo watu walikuwa wanasema "huku ni salama". Mito ilifurika ikabeba nyumba, na waliokuwa na ile bima ya mafuriko walikuwa wachache sana. Nchi tajiri, makosa yale yale ya hesabu: bima wanayo walio ufukoni, maji yakaenda mlimani.

Ufaransa walijaribu njia nyingine. Baada ya mafuriko makubwa ya mwisho wa 1981, walitunga sheria tarehe 13 Julai 1982: kila mwenye bima ya nyumba anaongezewa asilimia fulani, ile ile kwa wote, na fedha hiyo ndiyo inayolipa majanga ya asili serikali ikishayatangaza. Asilimia hiyo ilikuwa 12 kwa miaka mingi, na mwaka 2025 ikapanda kuwa 20. Aliye juu ya mlima analipa sawa na aliye kando ya mto. Kuna wanaonung'unika, lakini wazo lake ni rahisi: kwa kuwa hakuna anayejua maji yatapitia mlango gani mwaka huu, wote tuchangie.

Wazo hilo si geni kwetu. Wakongomani tuna likelemba, Warundi wana ikirimba, na kambini karibu kila bloku ina kikundi cha kuweka na kukopa chenye kisanduku cha msiba. Mama akifiwa, kisanduku kinafunguliwa. Hiyo ni bima, hata kama haina muhuri. Lakini ina udhaifu mmoja ambao historia hii yote inauonyesha. Kisanduku cha bloku moja kinafaa msiba wa mtu mmoja. Usiku mvua ikiwapiga wanachama wote thelathini, wote wanakuja asubuhi na shida ile ile, na kisanduku ni kimoja. Siri ya bima ni kuchanganya watu ambao hawatalowa usiku mmoja.

Kwa nini basi vikundi visishikane mbali kwa mbali? Kikundi cha Buyenzi au Kinama na kikundi cha Kavumu kule Cankuzo hawawezi kupigwa na Ntahangwa pamoja. Kila kimoja kikitenga kidogo kwenye mfuko wa pamoja, wa mlimani atamsaidia wa mtoni mwezi wa Aprili, na wa mtoni atamsaidia wa mlimani upepo ukiondoa shitingi na mabati. Ni kazi inayohitaji mtunza hesabu mwaminifu na simu, na hapo mashirika yangeweza kusaidia kwa bei ndogo kuliko hema moja.

Mashirika hayohayo yanajua kitu kingine. Kule Marsabit, kaskazini ya Kenya, tangu Januari 2010 wafugaji walianza kuuziwa bima isiyohesabu mizoga. Satelaiti inaangalia majani. Yakipungua chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, fedha inatoka, bila mtu kuja kukagua boma lako. Kuna malalamiko, maana kuna mwaka ng'ombe wako wanakufa na kipimo kinasema majani yapo. Lakini kanuni yake inafaa kufikiriwa hapa. Maji ya ziwa yanapimwa. Kimo cha Rusizi kinaweza kupimwa. Ikiwa kimo fulani kinajulikana kuwa ni cha hatari, kwa nini fedha isubiri mpaka Gatumba iwe ndani ya maji na orodha iandikwe upya?

Na orodha yenyewe: kwa wanaoiandika, naomba jambo moja. Mkiuliza "nyumba ni ya nani", ulizeni na "nani alikuwa analala humo". Mpangaji hana ukuta wa kuonyesha. Mkimbizi wa mjini hana hata shefu wa bloku wa kumtolea ushahidi. Mali yake ilikuwa ndani ya chumba cha nyuma, na chumba kimeenda.

Kwetu sisi, kabla ya siku ya bima kufika, kuna vitu vya kufanya bila kusubiri mradi. Piga picha ya karatasi zako: karatasi ya HCR, za shule, za kuzaliwa kwa watoto, mkataba wa nyumba. Mtumie ndugu anayeishi mbali. Weka za asili ndani ya mfuko wa plastiki, pahali pa juu. Kabla ya kukodi chumba, nenda uone nyuma ya ukuta, na muulize mzee wa avenyu maji yalifika wapi mwaka 2014, mwaka 2020, mwaka 2024. Ukipata nafasi ya kuweka sahihi kwenye asiransi, uliza maneno manne: mafuriko yameandikwa? Kuporomoka kwa ardhi kumeandikwa? Vyombo vyangu vimo au jengo tu? Inaanza lini? Jibu la mdomo si jibu. Waonyeshe mahali lilipoandikwa.

Kwenye kikundi chetu cha vijana tumeanza daftari. Kila mmoja anauliza nyumbani kwao, awe ametoka Uvira, Kalehe au Gatumba: maji yalikuja tarehe gani, yalitokea upande gani, yalifika kimo gani, nani alisaidia kwanza. Wengine wameleta habari za babu zao, za ziwa lilipopanda miaka ya 60. Kurasa za kwanza zimejaa, na bado hatujapata mtu wa kutusimulia Kamenge ya 2014 kuanzia saa ya kwanza ya mvua. Kama wewe unayesoma ulikuwa huko, au unamjua aliyekuwa huko, tunamtafuta.